Pijo Linalopiga Magoti

Siku Yusto alipobadilisha bushi na boljointi za mbele za Pijo la marehemu Alfonsi, upepo wa Julai ulikuwa unavuma pale gereji ya Mazwi, Sumbawanga, kwa ukorofi wake wa kila mwaka, na mafundi walikuwa wamevaa makoti ya kike ya mtumba bila aibu yoyote. Bertilla, mjane wa Alfonsi na mwenye gari, alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, amejitanda kitenge cha pili, akiangalia gari lake likivuliwa viatu. Hakuwa na nia ya kwenda popote. Gari likiachwa gereji peke yake hurudi nyumbani limepungua kitu, na Bertilla alikuwa amekwisha kupungukiwa vya kutosha.

Pijo lenyewe lilikuwa 504, rangi ya maziwa, taa zake za mbele zimelegea pembeni kama macho ya mtu aliyeamshwa mapema. Alfonsi alilinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anahamia Tabora, akalipenda kuliko ilivyo halali. Alipofariki, likawa gari la maharusi. Sumbawanga nzima ilikuwa inajua kwamba bibi harusi akishuka kwenye Noah ameolewa, lakini akishuka kwenye Pijo la Bertilla ameolewa na watu wameona. Tatizo ni kwamba mwaka huo gari lilikuwa limeanza kugonga mbele. Kwenye kila tuta linalia ko-ko-ko, usukani unavuta kushoto, na bibi harusi mmoja wa Chala alifika madhabahuni amejiuma ulimi, akasema "ndiyo" kwa shida mpaka watu wakadhani amelazimishwa.

Harusi iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Jenifa, binti wa Wiliam. Wiliam alikuwa mdogo wake Alfonsi, yaani shemeji yake Bertilla, na ndiye aliyekuwa na shamba. Shamba lilikuwa la Bertilla na mumewe, kule Kasense, udongo mweusi, ulezi unaota hadi unaziba njia. Siku ya kumaliza matanga Wiliam alisimama mbele ya ukoo akasema atalitunza kidogo, mpaka machozi ya shemeji yakauke. Machozi yalikauka. Shamba halikurudi. Kila Bertilla akiuliza, Wiliam alikuwa anajibu kwa upole kwamba wataongea, kwanza mavuno yapite, kwanza Kwaresima iishe, na sasa, kwanza harusi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kinamwita shemeji kila asubuhi na kumwuliza ameamkaje.

Bertilla alilitaka shamba lake. Hakutaka fidia wala kiwanja cha mjini. Alitaka kusimama kwenye matuta aliyoyafukia majani kwa mikono yake, avune ulezi wake, na mtu akipita amwulize, "Mama, mwaka huu vipi?" naye alalamike kama wakulima wengine.

Yusto alifanya kazi yake vizuri, na hili lisemwe mapema kwa sababu baadaye watu walimsingizia. Alichomoa pini, akalegeza nati, akaigonga mikono ya mbele, vyuma vinavyoshika magurudumu, kwa nyundo hadi boljointi za zamani zikaachia. Akamwonyesha Bertilla moja: kifundo cha chuma chenye kichwa cha duara ndani ya kikombe, kinacheza huku na huku.

"Ni kama nyonga, mama," alisema. "Ikiisha, mtu anatembea upande."

Bertilla, ambaye nyonga yake ya kulia ilikuwa inamsumbua tangu Pasaka, alielewa mara moja. Bushi nazo zilikuwa zimekwisha. Hizo ni pete nene za mpira zinazokaa kwenye maungio, ili chuma kisigombane na chuma, na za Alfonsi zilikuwa zimepasuka kama visigino. Mpya zilikuwa zimekuja kwa basi kutoka Mbeya ndani ya boksi la biskuti. Yusto alizipaka maji ya sabuni, akazibana kwa jiriwa, zikaingia taratibu huku zikitoa sauti isiyo ya heshima.

Sasa bushi ina sheria moja, na Yusto aliijua. Haikazwi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Mpira una kichwa kigumu: mkao ulioukazia nati ndio utakaoukumbuka maisha yake yote. Lazima gari lishushwe, lisimame kwa uzito wake lenyewe, ndipo ukaze. Kwa hiyo Yusto akaweka magogo mawili chini ya vitovu vya magurudumu, akashusha jeki. Magogo yalikuwa ya mkaratusi, na mkaratusi hauaminiki. Moja likapasuka, la pili likazama kwenye tope la oili, na Pijo likashuka mbele hadi pua ikagusa ardhi, mikono yote miwili imekunjika chini yake.

Wakati huohuo kengele ya kanisa ikapiga. Ilikuwa saa sita mchana, saa ya Malaika wa Bwana, na pale gereji saa hiyo ikifika kila mtu anaacha alichoshika. Bertilla alipiga magoti. Muuza matairi alipiga magoti. Mteja mmoja Mlutheri alivua kofia kwa ujirani mwema. Yusto naye alipiga magoti, lakini spana yake ilikuwa imekwisha kukaa kwenye nati, na mtu wa kazi akiona spana imekaa kwenye nati moyo unamwuma. Akasali kwa mdomo na kukaza kwa mikono. Bertilla alimwona. Akafikiri kwamba ni kosa kwa Mungu, asijue kwamba ni kosa kwa gari.

Sala ikaisha, wakaliinua Pijo, wakalivisha magurudumu, likasimama vizuri kabisa.

Walipotoka kulijaribu, Yusto akiendesha na Bertilla pembeni, halikugonga popote. Usukani ulikuwa mwepesi. Walipofika karibu na soko wakakutana na mzee Christopha akiikokota baiskeli yake. Pijo likapunguza mwendo lenyewe, likasimama mbele yake, likakunja mikono na kuinamisha pua hadi bampa ya mbele ikagusa vumbi. Nyuma likabaki juu. Yusto na Bertilla wakasogea mbele hadi wakashika dashibodi.

Yusto alikanyaga mafuta. Injini iliunguruma kwa adabu na gari halikuinuka.

Mzee Christopha alilitazama. Alikuwa Mfipa wa kulelewa, na Mfipa wa kulelewa akipigiwa magoti hamwachi mtu hapo chini kama gunia. Akaegemeza baiskeli kwenye nguzo, akakunja viganja kidogo, akapiga makofi ya kupokea heshima, taratibu, pa, pa, pa. Pijo likainuka.

"Halafu Yusto," mzee alisema, "ile pampu yangu uliyoazima ikapotea. Basi, yameisha."

Yusto alisema ni bushi mpya, zinajizoesha. Lakini kila walipopiga hatua chache gari lilipiga magoti tena, mara mbele ya mama mwenye Korola, mara mbele ya kijana wa bodaboda, mara mbele ya mwalimu aliyeambiwa gari lake litakuwa tayari Ijumaa bila kuambiwa Ijumaa ipi. Fundi ana wateja wengi na kila mteja ana lake. Mwishowe Yusto akashuka akarudi gereji kwa miguu, akipitia uchochoroni, na Bertilla akashika usukani mwenyewe. Hapo Pijo likakimbia kama limetoka dukani.

Halikusimama mpaka mlangoni kwa jirani yake, Kristiana. Hapo likapiga magoti.

Bertilla alibaki ndani ameinama, akiitazama saa ya spidi kwa makini kana kwamba ina habari. Alijua sababu. Wakati wa Pasaka alikuwa amewaambia wenzake wa kwaya kwamba Kristiana anaimba kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio, na maneno ya kwaya hayana breki. Aliona haya hadi masikio yakawaka. Kristiana alitoka ndani na mwiko mkononi, akaliangalia gari, akamwangalia Bertilla kupitia kioo, akaweka mwiko juu ya ndoo na kupiga makofi. Gari likainuka. Jioni Kristiana alimletea bakuli la maharage, na tangu siku hiyo urafiki ukarudi kama zamani. Bertilla hakuwa amesema hata neno moja. Aliona huu ni ustaarabu mkubwa. Mtu umekosa, umekaa kwenye kiti chako laini, gari linakuombea msamaha, na maharage yanakuja.

Habari zilienea, lakini si sana. Watu wa mji ambao maana ya jina lake ni kutupa uchawi hawawezi kushangaa kila kitu. Padri alipoombwa kulibariki gari, alisema chombo kinachopiga magoti chenyewe kimekwisha kuvuka hatua hiyo, ila angefurahi kupewa lifti hadi nyumba ya mapadri. Pale getini Pijo lilimpigia magoti mpishi. Padri alifikiri kidogo, akasema, "Ni ile habari ya ugali." Mpishi alifuta mikono kwenye aproni akapiga makofi, na wote wakaingia ndani kula.

Hivyo ndivyo Bertilla alivyopata wazo lake. Wazo lilimjia akiwa anachambua mchele, likamfurahisha hadi akacheka peke yake. Wiliam angelipanda Pijo siku ya harusi, kiti cha mbele, kama baba wa bibi harusi. Yeye Bertilla angesimama kwenye geti la kanisa, mbele ya ukoo mzima. Gari lingempigia magoti. Na gari haliinuki bila makofi. Yeye angeficha mikono nyuma, asipige, hadi Wiliam atoke na kutamka mbele ya watu kwamba shamba la Kasense ni la shemeji. Harusi iko ndani, padri anasubiri, kuna maharusi wengine nyuma kwenye foleni. Angeenda wapi?

"Chukua gari, shemeji," alimwambia Wiliam alipokuja kuliomba. "Jenifa ni mwanangu pia."

Wiliam alishukuru sana. Alisema baada ya harusi wataongea.

Dereva wa siku hiyo alikuwa Timoth, mstaafu mpole wa idara ya maji. Pijo halikuwahi kupiga magoti kwa ajili yake isipokuwa mara moja, mbele ya mkewe, na hata hiyo ilikuwa nusu tu. Ni Timoth aliyesimulia baadaye safari ilivyokuwa. Walitoka nyumbani kwa Wiliam kule Kasense asubuhi nzuri, pikapu ya matarumbeta mbele, Pijo nyuma yake limefungwa riboni, Jenifa na msimamizi wake wamekaa kiti cha nyuma. Hawakufika mbali. Gari lilimpigia magoti fundi mwashi aliyemjengea Wiliam choo. Likampigia magoti Mary muuza dagaa. Likawapigia magoti kwa pamoja wanakamati wote wa shule, waliokuwa wamesimama kando ya njia wakisubiri kupunga mikono. Kila mara Jenifa anateleza na gauni lake hadi kwenye mgongo wa baba yake, mpaka akaomba mkanda. Kila mara matarumbeta yanasimama, watu wanapiga makofi, gari linainuka, matarumbeta yanaanza upya mwanzo wa wimbo. Wimbo wenyewe haukuwahi kufika kwenye kiitikio.

Wiliam hakukasirika. Alikuwa amekaa wima, suti ya kijivu, akiwapungia wale waliopigiwa magoti kama mtu anayetoa zawadi.

Kasheshe ilitokea kwa ng'ombe. Alikuwa dume la Malimi, Msukuma aliyehamia na mifugo yake, na Wiliam alikuwa amelikodi kulima akalilimisha hadi likaota kidonda shingoni. Lilikuwa linakula kando ya barabara. Pijo likasimama, likapiga magoti. Ng'ombe akalitazama, akaendelea kutafuna. Wakasubiri. Ng'ombe hakupiga makofi.

"Mpigie wewe," Timoth alimwambia Malimi.

"Mimi si msemaji wake," Malimi alijibu. "Alikosewa yeye."

Ilibidi watu wawili wa matarumbeta waweke vyombo vyao chini, wamshike yule ng'ombe mguu mmoja wa mbele, na kuigonga kwato yake kwenye kwato ya pili, taratibu, mara kadhaa. Gari lilifikiri. Kisha likainuka. Malimi alisema ameridhika kama ng'ombe ameridhika, na msafara ukaendelea.

Kwenye geti la kanisa Bertilla alikuwa amesimama tangu mapema, gauni la kitenge kipya, kilemba kimepanda juu. Ukoo ulikuwa umejipanga pande zote mbili. Mzee Eustace, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameletewa kiti cha plastiki na alikuwa anauliza chakula kitakuwa saa ngapi. Pijo likatokea kwenye kona, riboni zimejaa vumbi hadi kwenye taa. Likaja moja kwa moja. Likasimama mbele ya Bertilla, likainama, likainama zaidi kuliko lilivyowahi kuinama kwa mtu yeyote, hadi nembo ya simba iliyo mbele ikalala kwenye changarawe.

Bertilla aliweka mikono nyuma na kushikanisha vidole. Moyo ulikuwa unampiga hadi kwenye nyonga. Alijisikia mrefu.

Wiliam akateremsha kioo kwa kukizungusha. "Shemeji, piga makofi tuingie."

"Shamba la Kasense," Bertilla alisema.

"Tutaongea baada ya harusi."

"Tumekwisha kuanza kuongea."

Tarumbeta moja ilitoa mlio kidogo kwa bahati mbaya. Wiliam aliangalia saa, akamwangalia padri mlangoni, akaangalia Noah ya maharusi wengine iliyokuwa imekwisha kuingia nyuma yao. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Bertilla aliliona jasho lile, na kwa mara ya kwanza tangu matanga alijua kwamba atashinda. Wiliam alifungua mdomo. Timoth anaapa kwamba herufi ya kwanza ilikuwa imekwisha kutoka.

Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka, Jenifa akashuka.

Alikuwa amechoka kuteleza. Alitoa mguu mmoja, halafu wa pili, akavuta gauni, akanyoosha shela iliyokuwa imehamia begani, akasimama kwenye jua la Agosti. Alikuwa mzuri kupita kiasi. Bertilla ndiye aliyembeba mgongoni miaka ile mama yake alipokuwa mgonjwa, ndiye aliyemfundisha kupepeta, na ndiye mama mkubwa wa kuanzisha wimbo bibi harusi anaposhuka. Kina mama wote walimgeukia yeye. Kristiana, kwa sauti yake ileile ya siku zote, alishindwa kusubiri akapiga kigelegele.

Hakuna aliyemshika Bertilla mikono. Ilitoka yenyewe. Bibi yake aliifunza mikono ile kabla hajaifunza akili yake, na bibi harusi akishuka mikono ya mama mkubwa haiulizi ruhusa. Ikakunja viganja, ikapiga, pa, pa, pa, mbele ya ukoo mzima.

Pijo likainuka.

"Asante, shemeji," Wiliam alisema, akateremka akifunga kifungo cha koti. "Mmeona wote. Nimepiga magoti, naye amepokea. Habari ya shamba imeisha."

Bertilla alisema makofi yale yalikuwa ya Jenifa. Akasema, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba aliyepiga magoti ni gari.

Mzee Eustace aliinua mkono kutoka kwenye kiti chake. "Ndani ya gari alikuwa nani?"

"Wiliam."

"Amekaa upande gani?"

"Mbele."

"Basi," mzee alisema. "Na ni gari la nani?"

Jibu la hilo halikuwa linamsaidia Bertilla. Akamgeukia Kristiana, rafiki yake, ampe hata neno moja. Kristiana alimwonea huruma kweli, machozi yalimlengalenga, lakini alikuwa mkweli. "Hata mimi uliniomba hivyohivyo," alisema. "Na nilikupa maharage."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bertilla aliingia kanisani, akaimba, akakaa meza ya mbele kwenye sherehe, akala pilau lote lililowekwa mbele yake kwa sababu hasira haijawahi kumzuia mtu wa Ufipa kula. Usiku alilia hadi mto ukalowa. Lilikuwa ni shamba lake, na alikuwa amelipigia makofi.

Wiki iliyofuata alimrudishia Yusto gari akamtaka alegeze nati zote na kuzikaza upya, gari likiwa limesimama. Yusto aliingia chini akatoka. Akasema bushi ziko salama, boljointi haina mchezo hata kidogo, na kazi nzuri haifumuliwi. Akaongeza kwamba tangu siku ile amepata wateja wengi. Kweli, watu walikuwa wanakuja kukodi Pijo kuliko zamani, si kwa harusi tena bali kwa kuombana radhi. Mtu anaketi kiti cha mbele, anapelekwa kwa mkwewe au kwa mtu aliyemtukana kilabuni, gari linapiga magoti, makofi yanapigwa, wanarudi. Wengine walikuwa wanakuja na gazeti la kusoma. Bertilla aliyaona mengi kupitia kioo kile, na hakuona mtu aliyerudisha kitu.

Wiliam naye alipenda utaratibu. Alijaribu kukodi Pijo ili akamwombe radhi mjane mmoja wa upande wa Chala, mapema, kabla hajaanza kulitunza shamba lake. Bertilla alimwambia gari lina safari. Wiliam hakukata tamaa. Alinunua pikapu kuukuu, akaipeleka kwa Yusto ibadilishwe bushi na boljointi za mbele, na akasisitiza kwamba nati zikazwe saa sita kamili, pua ikiwa chini, watu wakiwa wanasali. Yusto alikaza. Mvua zikaja, Wiliam akalima Kasense. Ulezi ulistawi, kwa sababu udongo haujui habari za harusi.

Wakati wa mavuno Bertilla alikuwa anatoka Kasense kumwona mgonjwa, kwa miguu, amebeba ungo aliopewa zawadi, ameushika kwa mikono miwili upepo usiuchukue. Pikapu ya Wiliam ikatokea shambani, imejaa magunia ya ulezi, Wiliam mwenyewe kiti cha mbele na dereva wake pembeni. Ikamwona Bertilla. Ikasimama palepale ndani ya shamba, karibu na njia, ikapiga magoti.

Pijo lilikuwa limekwisha kusamehewa, lakini pikapu haikuwepo harusini.

"Shemeji," Wiliam alisema kupitia dirishani, "habari za mgonjwa?"

"Anaendelea vizuri," Bertilla alijibu.

"Tupigie makofi basi, magunia yanasubiriwa."

Bertilla aliitazama mikono yake. Ilikuwa imeshika ungo. Aliisikia ikitaka kupiga, kama ilivyofunzwa, naye akaubana ungo zaidi kifuani. Akasema upepo ni mkali leo. Akaendelea na safari yake bila kuharakisha, na hakugeuka mpaka alipofika barabara kubwa.

Magunia yalihamishiwa kwenye fuso siku hiyohiyo, yakaenda sokoni, yakauzwa. Wiliam hakumfuata kumsihi, kwani kumsihi kungekuwa ni kuongea habari ya shamba. Pikapu ipo mpaka leo, imepiga magoti ndani ya lile shamba, taa zimeelekea ardhini, kuku wa jirani wanataga kwenye kiti cha dereva. Wapita njia huiamkia. Wiliam ameshaizoea, na wakati wa kulima ng'ombe wake wanaizunguka bila kuambiwa.

Bertilla akipita pale, huhakikisha amebeba kitu kwa mikono yote miwili.